Kupanda malisho ya kulungu mvua ikigoma: mwongozo kwa anayeanza

Kila ifikapo Agosti maswali ni yale yale. "Nimerusha mbegu wiki tatu sasa, mbona sioni kitu?" "Nimwagilie?" "Nipande kwenye vumbi halafu nisubiri, au nisubiri kwanza?" Nimeyajibu mara nyingi kiasi kwamba safari hii nayaandika yote mahali pamoja. Ukinikuta porini ukaniuliza tena, nitakuelekeza hapa.

Kulungu ninayemzungumzia ni yule wa Amerika Kaskazini, mwenye mkia mweupe upande wa chini anaouinua kama bendera akishtuka. Si pongo wa misitu ya Afrika, ingawa jina tumewapa moja. Wawindaji wa Marekani humpandia vishamba vidogo pembeni mwa msitu, robo ekari hivi au ekari moja mbili, ili apate chakula na aonekane mchana msimu wa uwindaji. Mimi hupanda kusini mashariki mwa nchi hiyo, ambako sehemu kubwa Oktoba ndio mwezi mkavu kuliko yote, na ndio mwezi ambao kila mtu anataka shamba lake liwe kijani. Ugomvi wetu na mvua unaanzia hapo.

Nianze na la kumwagilia, maana ndilo linaloulizwa zaidi. Mvua ya milimita 25 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita laki moja za maji. Ukiwa na kishamba cha robo ekari na tangi la lita 800 nyuma ya pikapu, utafanya safari 32 kupata mvua moja nzuri. Sahau. Maji hutayaongeza. Unachoweza kufanya ni kuyalinda yaliyokwisha kuingia ardhini, na hatua zote zinazofuata zinazunguka hilo.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Majibu ya kipimo cha udongo. Si makisio.
- Mbegu mpya zenye lebo inayosomeka.
- Mashine ya kurushia mbegu, hata ile ndogo ya kuning'iniza kifuani na kuzungusha kwa mkono.
- Bomba la mgongoni la kupulizia dawa ya magugu, pamoja na glavu, miwani na maji safi.
- Kitu cha kulaza au kufyeka majani: mashine ya kukata nyasi, rola, au hata ubao mzito wa kukokota nyuma ya pikipiki ya magurudumu manne.
- Bisibisi ndefu. Nitaeleza ya nini.
- Kipimamvua cha plastiki, ukichomeke shambani penyewe. Mvua iliyonyesha nyumbani kwako haihusiani na shamba lililo kilomita 10 kutoka hapo.
- Waya wa wavu wa kutosha kuzungusha kizimba cha upana wa mita 1.
- Ruhusa ya mwenye ardhi, na kanuni za uwindaji za jimbo lako. Shamba lililopandwa kwa kawaida halihesabiwi kuwa chambo, lakini rundo la mahindi lililomwagwa chini ni chambo, na majimbo mengi hayaruhusu kuwinda juu yake. Maeneo yenye ugonjwa wa kulungu wa kukonda mpaka kufa, ule unaoitwa CWD, huwa na masharti makali zaidi kuhusu kulisha wanyama. Soma kanuni za mwaka huu, si za mwaka jana.

Trekta si lazima. Kwenye ukame trekta lenye haro, ile zana ya kukokota inayogeuza na kuvunjavunja udongo, ndilo linaloharibu kazi ya wengi, na sababu utaiona mbele.

Hatua ya 1: Pima udongo, na upime mapema

Chota udongo sehemu 10 hadi 15 za shamba, kina cha sentimita 15 hivi, changanya kwenye ndoo safi ya plastiki, kausha kivulini, kisha peleka kikombe kimoja au viwili. Nchini Marekani ofisi za ugani za kaunti hupokea sampuli na kuzipeleka maabara ya chuo kikuu. Kwenye majibu angalia kwanza pH, yaani kipimo cha tindikali: namba ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi. Klova na alfalfa ni mimea ya malisho ya jamii ya kunde: klova inataka 6.0 mpaka 7.0, alfalfa inataka karibu 6.8 na zaidi. Ikiwa ya kwako ni 5.3, mbolea utakayomwaga sehemu kubwa itakaa tu pale mmea usikoweza kuifikia.

Dawa yake ni chokaa ya kilimo, na chokaa haina haraka: huchukua miezi kadhaa kufanya kazi, na bila unyevu udongoni inalala kabisa. Ndiyo maana nasema mapema. Kama unasoma haya zikiwa zimebaki wiki sita msimu ufunguliwe na pH yako iko chini, weka chokaa kwa ajili ya mwaka ujao na mwaka huu panda rai, nafaka nitakayoieleza Hatua ya 3. Usibishane na udongo.

Hatua ya 2: Chagua mahali panapotunza maji

Bondeni kuliko kilimani, udongo wa tifutifu kuliko mchanga mtupu. Ukingo wa msitu ulioko upande wa magharibi wa shamba utakupa kivuli cha alasiri, saa ambazo jua hukausha zaidi. Ila usipande mpaka mguuni mwa miti: mwaloni mkubwa unakunywa maji mbali kuliko matawi yake yanavyofika, na mita chache za mwisho kabla ya msitu mara nyingi hubaki kipara hata mwaka wa mvua.

Ukubwa nao una maneno yake. Kunde au soya kwenye robo ekari, mahali penye kulungu wengi, huliwa zikiwa na majani mawili tu. Kwa kishamba kidogo panda nafaka na klova. Hizi zikikatwa na meno huchipua tena.

Hatua ya 3: Chagua mbegu inayovumilia kiu

Hapa sitakimbia, maana pesa nyingi hupotelea hapa.

*Rai* ndiyo nguzo ya shamba la ukame. Ni nafaka, ndugu wa ngano. Huota hata udongo ukiwa na joto la nyuzi chache tu juu ya sifuri, huvumilia udongo wenye tindikali kuliko wenzake, na mizizi yake huchimba. Kulungu wakipewa kuchagua watakula oti kwanza, ni kweli. Lakini oti iliyokauka haiishindi rai iliyo hai.

Tahadhari kubwa: rai ya nafaka si nyasi ya rai. Majina yanafanana, mifuko inafanana, na muuzaji akiwa na haraka atakupa isiyo yenyewe. Punje ya rai ni ndefu na nono, inakaribia ngano. Mbegu ya nyasi ya rai ni nyembamba na nyepesi, ukiipuliza kiganjani inaruka. Ukiipanda hiyo nyasi utapata kijani mwaka wa kwanza na gugu la kupigana nalo miaka mitano.

*Oti na ngano* zichanganye na rai. Oti ni tamu ila hufa baridi ikiwa kali. Ngano iko katikati.

*Klova ya krimsoni*, ile ya mwaka mmoja yenye maua mekundu marefu, huota upesi na hukupa chakula mpaka majira ya kuchipua. *Klova nyeupe* ni ya miaka mingi lakini mizizi yake iko juu juu. Ukame ukija hujikunja na kulala. *Chikori* ina mzizi mmoja mnene unaoshuka chini kama karoti, nayo ndiyo mara nyingi inayobaki kijani Julai wakati klova imekata tamaa. Kuzichanganya hizi mbili ni akili.

Kwa malisho ya kiangazi una *kunde, fiwi, mtama, alizeti* na *marejea*. Hizi hupenda joto, na zikishashika mizizi huvumilia ukavu vizuri. Shida yake, kama nilivyosema, ni kuliwa zikiwa changa. Mtama na alizeti huwasaidia kunde kujificha kidogo na kuwapa kitu cha kupandia.

Mchanganyiko wangu wa vuli kwa ekari moja:

- rai kilo 25
- oti au ngano kilo 20
- klova ya krimsoni kilo 6

Wa kiangazi: kunde kilo 20, mtama kilo 3, alizeti kilo 2. Chikori ukiipanda peke yake kilo 2 kwa ekari zinatosha, na ukiichanganya na klova nyeupe punguza iwe kilo 1 hivi.

Sasa soma lebo. Sheria ya mbegu ya shirikisho ya mwaka 1939 ndiyo msingi wa lebo unazoziona Marekani: kiwango cha usafi, kiwango cha kuota, mbegu za magugu, tarehe ya kipimo. Zidisha usafi kwa uotaji. Mfuko wenye usafi wa asilimia 90 na uotaji wa asilimia 80 una asilimia 72 tu ya mbegu itakayokufaa. Klova iliyopakwa unga wa nje hupoteza hata theluthi ya uzito kwa ajili ya huo unga, kwa hiyo ongeza kipimo. Na ule mfuko wenye picha ya dume la pembe kumi na mbili mbele, ugeuze nyuma usome. Mara nyingi humo ndani kilichojaa ni nyasi ya rai.

Hatua ya 4: Ua magugu yakiwa bado yana uhai

Wanaoanza hudhani magugu yaliyonyauka kwa kiu yatakufa kirahisi. Kinyume chake. Dawa kama glaifosati husafirishwa ndani ya mmea unaokua. Mmea uliosimama kukua kwa ukame hauipeleki kokote. Utaona majani yamekuwa njano, utashangilia, na mvua ya kwanza itaamsha gugu lote kutoka mizizini.

Pulizia wiki chache kabla ya kupanda, siku chache baada ya manyunyu yoyote yatakayokuja, asubuhi umande ukishakauka. Majani yenye vumbi zito huishika dawa kabla haijaingia, na maji ya tope hufanya vivyo hivyo, ndiyo maana nimesema maji safi. Fuata lebo ya dawa kwa kipimo na mavazi. Tena usitumie dawa yoyote uliyoikuta stoo. Ziko zinazokaa udongoni miezi mingi, na ukame huzichelewesha kuoza. Utapanda klova juu yake na haitatoka hata moja.

Asiyetaka dawa anaweza kufyeka chini kabisa mara mbili. Magugu yatarudi kwa wingi zaidi, lakini rai ina ubavu wa kushindana nayo.

Hatua ya 5: Weka haro pembeni

Kila unapogeuza udongo unaufungulia jua unyevu uliokuwa umejificha. Kwenye mwaka wa mvua hilo halionekani. Kwenye mwaka mkavu ndilo linaloamua.

Fanya jaribio hili. Saa nane mchana, siku ya joto, nenda kwenye magugu yaliyolala chini, funua kwa mkono, weka kiganja juu ya udongo. Kisha sogea hatua mbili mpaka mahali palipo wazi uweke kiganja hicho hicho. Utakiondoa mwenyewe. Chini ya majani makavu udongo ni wa baridi, mweusi kidogo, una minyoo. Pale wazi ni kama kikaango. Mbegu ndogo ya klova unaipeleka wapi kati ya hapo?

Kwa hiyo panda bila kulima: rusha mbegu ndani ya magugu yaliyosimama, kisha yalaze juu yake yawe matandazo. Kama huna budi kulima kwa sababu ardhi imeshindiliwa kama saruji, lima mapema, wiki kadhaa kabla, na siku hiyo hiyo pitisha rola ili uufunge udongo. Shamba lililolimwa likaachwa na mabonge ni birika lisilo na kifuniko.

Hatua ya 6: Subiri unyevu, usifuate kalenda

Sasa bisibisi. Ichomeke ardhini kwa nguvu za mkono mmoja, sehemu tano tofauti. Ikizama sentimita 10 bila kulazimisha, una unyevu. Ikikwama sentimita 3, huna, hata kama juu panaonekana pana rangi. Thibitisha kwa kuchota udongo wa kina hicho na kuufinya: ukishikana kama tonge, panda, ukimwagika kama unga, rudi nyumbani.

Kanuni yangu ni unyevu wa sentimita 10, au milimita 25 za mvua kwenye kipimamvua cha shambani, pamoja na mvua nyingine inayotabiriwa ndani ya wiki. Kila Alhamisi Marekani hutolewa ramani ya ukame inayopanga maeneo kuanzia D0, ukavu usio wa kawaida, mpaka D4, ukame wa kutisha. Hutoka tangu 1999. Mimi huiangalia ili kujua kama nasubiri wiki mbili au nasubiri miezi miwili. Eneo likiwa D2 na kuendelea, manyunyu ya siku moja hayajabadilisha kitu.

Nilivunja kanuni hii mwaka mmoja na sijasahau. Utabiri ulisema mvua ya Ijumaa, milimita 30. Nikalima Jumatano, nikamwaga oti na klova kwenye vumbi, nikajipongeza. Ijumaa zikaja milimita 6. Zilitosha kuamsha mbegu, hazikutosha kuilea. Baada ya siku sita shamba likawa na ukungu wa kijani mzuri ajabu, nikapiga picha. Zikafuata siku 17 za jua. Niliporudi nilichukua mche mmoja kati ya vidole viwili ukasagika kama jani la chai. Mbegu yote, mafuta yote, wikendi mbili.

Mvua kidogo ni mbaya kuliko kukosa mvua kabisa. Mbegu iliyokaa kavu inaweza kungoja, ila iliyokwisha kupasuka haina njia ya kurudi.

Je, kupanda kwenye vumbi hakufai kamwe? Kunafaa kwa rai peke yake, ikifukiwa sentimita 3 hivi ambako manyunyu hayafiki, na kama tarehe zimekubana kweli. Klova usithubutu. Wale bakteria unaopaka kwenye mbegu za jamii ya kunde ili zijitengenezee naitrojeni hufa upesi kwenye udongo mkavu wenye joto. Na ukiwa kwenye bakteria, kumbuka wa klova si wa kunde. Kila kundi lina wake.

Mwisho wa kusubiri upo. Rai na ngano hutaka kama wiki nne hadi sita kabla ya jalidi ya kwanza ili zipate mizizi. Kabichi za malisho na figili zinahitaji kama siku 60. Ukishachelewa, ondoa figili kwenye orodha, kisha klova, na uongeze rai mpaka kilo 45 kwa ekari. Rai itakusamehe.

Hatua ya 7: Rusha mbegu

Tenganisha mbegu kubwa na ndogo. Ukizichanganya kwenye mashine moja, klova hutambaa chini na kuisha nusu ya kwanza ya shamba, kisha nusu ya pili inapata nafaka tupu. Gawa kila aina mafungu mawili: fungu la kwanza rusha ukienda na kurudi kwa urefu, la pili kwa kukata. Anza na mdomo wa mashine umefungwa zaidi ya unavyodhani inafaa. Mbegu iliyobaki unaweza kuongeza, iliyomwagika huiokoti.

Nafaka zinapenda kina cha sentimita 2 hadi 4. Klova na chikori zisizidi nusu sentimita; wengi huzizika, halafu wanalaumu mbegu. Ukipanda kwa kurusha juu bila kulima, ongeza nafaka kwa theluthi moja hivi, kwa sababu nyingine zitaning'inia kwenye majani na ndege watachukua sehemu yao.

Hatua ya 8: Laza magugu, gandamiza

Mara tu baada ya kurusha, fyeka au laza magugu juu ya mbegu. Matandazo yakae kama kitanda chepesi, ukitazama kutoka juu uone udongo hapa na pale. Yakilundikana nene kama godoro, klova haitapenya. Yasambaze kwa reki. Huna rola? Pita na pikipiki ya magurudumu manne kufuata tairi na tairi mpaka uenee shamba lote. Kazi ya kuchosha, lakini mbegu iliyobanwa kwenye udongo hunyonya unyevu, na ile inayoelea hewani haiupati.

Hatua ya 9: Simika kizimba siku hiyo hiyo

Zungusha wavu wa waya uwe duara la mita 1, kimo cha mita 1.2, ufunge kwenye nguzo mbili. Ndani hamtaingia mdomo wa mnyama. Bila kizimba hutajua kama shamba limekataa kuota au limeota na kuliwa. Nimeshawaona watu wanapanda upya mara mbili shamba lililokuwa linaota vizuri tu. Kulungu walikuwa wanalinyoa kila usiku.

Hatua ya 10: Mbolea isubiri mvua

Fosforasi na potasiamu, kama kipimo kilisema, weka wakati wa kupanda. Naitrojeni ngoja. Urea iliyotupwa juu ya ardhi yenye joto bila mvua ya kuizamisha hugeuka hewa na kuondoka. Subiri nafaka ifike urefu wa kidole na mvua ya kweli iwe njiani. Kwenye klova iliyoshika, naitrojeni hulisha magugu.

Na klova nyeupe ya mwaka jana usiifyeke wakati wa ukame. Inaonekana mbaya, najua. Majani yake machache na magugu yaliyo juu yake ndiyo kivuli pekee iliyo nacho.

Mambo yakienda kombo

*Siku 14 zimepita na hakuna kitu.* Usipande tena kabla hujachimba. Chukua kisu, kwangua mahali pa ukubwa wa sahani, utafute mbegu. Ukizikuta ngumu na kavu, ziko hai, ziache. Ukizikuta zimepasuka na kijimzizi cha kahawia kilichokauka, hizo zimekwisha. Rusha rai mvua ikirudi. Ukikosa hata mbegu yenyewe, angalia nyayo: bata mzinga na njiwa wamekutangulia. Kama unawinda njiwa pia, uwe makini. Sheria ya shirikisho ya ndege wahamao ina masharti yake kuhusu nafaka iliyo wazi chini, na eneo lenye chambo huhesabiwa hivyo mpaka siku 10 baada ya chambo chote kuondolewa.

*Limeota, kisha limetoweka kwa siku mbili.* Angalia kizimba. Ndani kijani na nje kipara, ni kulungu. Ndani na nje vyote vimeliwa, piga magoti alfajiri ufunue majani: huenda ni viwavijeshi. Ni wale wale waliovamia Afrika mwaka 2016. Amerika ndio kwao, na mwishoni mwa kiangazi hupenda sana nafaka changa. Wakiwa wadogo kuliko sentimita 2 dawa inawafaa. Wakishanenepa wamemaliza kula, utapulizia hasara.

*Majani ni ya njano.* Ikiwa nafaka ni njano kuanzia majani ya chini, ni njaa ya naitrojeni, nayo itasubiri mvua. Klova ikiwa njano na fupi, ng'oa mche: mizizi ikiwa haina vinundu vya rangi ya waridi ndani, bakteria hawakushika au pH iko chini.

*Ncha zimekauka, lakini bisibisi bado inazama.* Acha. Nafaka ikikunja majani mchana na kuyafungua usiku inajilinda. Ikibaki imekunjwa hata alfajiri, hapo ndipo iko taabani.

*Shamba ni zuri ila kulungu hawaji.* Tazama juu. Mialoni ikiwa inaangusha matunda, watakaa msituni wiki kadhaa na hutawalaumu. Wakati huo hamishia dungu lako kwenye mialoni. Kama hakuna matunda, sababu huwa ni wewe: unaingia na upepo mgongoni, unapita katikati ya shamba, unakagua kila siku mbili. Kagua mara moja kwa wiki, saa sita mchana, kupitia upande mmoja.

*Umekuta kulungu wamekufa karibu na kidimbwi mwishoni mwa kiangazi.* Si malisho yako. Ukame ukikausha vidimbwi huacha matope, na kwenye matope huzaliana visubi wanaoeneza homa ya kutokwa damu, EHD. Binadamu haambukizwi. Toa taarifa kwa idara ya wanyamapori ya jimbo, usiguse mzoga, na kama ulikuwa na mpango wa kuchimba kidimbwi kando ya shamba, kichimbe chenye kingo za wima zisizoacha tope maji yakipungua. Jalidi ya kwanza ikishaua visubi, vifo hupungua.